Hekima na Uongo: Mtu Huru wa Spinoza na Wafasiri Wake

Je, mwenye hekima anaweza kusema uongo ili aokoe maisha yake? Swali hili limewagawanya wahakiki wa Spinoza (1632–1677), mwanafalsafa wa Uholanzi ambaye kitabu chake, Ethica, kilichapishwa mwaka aliofariki. Katika sehemu ya nne ya kitabu hicho, Spinoza anashikilia kwamba mtu huru, yaani anayeongozwa na akili, hatendi kwa hila kamwe, hata akikabiliwa na kifo. Hoja yake ni kwamba lau akili ingemshauri mmoja kudanganya, ingewashauri watu wote vivyo hivyo, na mapatano yote baina yao yangekuwa ya hila. Itambulike kwamba hoja hii haifanani na ile ya methali isemayo njia ya mwongo ni fupi. Methali inamwonya mwongo kuwa atagunduliwa. Spinoza anamshutumu hata yule asiyegunduliwa.

Ugumu unatokana na sehemu ya tatu, ambapo imeelezwa kuwa kila kitu, kadiri kiwezavyo, hujitahidi kudumu katika kuwako kwake. Itakuwaje basi hekima imwelekeze mtu kwenye kifo?

Garrett (1990) anajibu kwamba mtu huru ni kielelezo cha ukamilifu ambacho hakuna binadamu anayekifikia kwa ukamilifu. Kwa hivyo limpasalo yeye si lazima litupase sisi. Jibu hili linaondoa mgongano, lakini kwa gharama kubwa. Spinoza mwenyewe, katika dibaji ya sehemu ya nne, anakusudia kuunda kielelezo cha kutazamwa na wanadamu. Kielelezo kisichotuongoza pale tunapokihitaji zaidi kina faida gani?

Nadler (2020), kwa upande wake, anauchukulia uhuru huo kuwa hali ambayo binadamu anaweza kuifikia. Kwa maoni yetu, mwelekeo huu una uzito zaidi, mradi tutofautishe kudumu na kurefusha umri. Kinachodumishwa na mwenye hekima ni uwezo wake wa kutenda kwa kuongozwa na akili. Anayenunua umri kwa hila amekwisha kuupoteza uwezo huo katika tendo lenyewe. Hata hivyo, tafsiri hii haimalizi mjadala. Anayedanganya ili amwokoe jirani, wala si nafsi yake, bado anasubiri hukumu, na huko ndiko uhakiki wa hekima ya Spinoza unakopaswa kuelekezwa.