Vidonge vya Jirani

Fundi cherehani mmoja wa Temeke alikuwa na tabia ya kujibu "salama" kabla swali halijaisha. Unaendeleaje, mama? Salama. Kichefuchefu? Kidogo tu. Choo? Napata. Usingizi daktari hakumuuliza, naye hakuutaja. Nje foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi, akaona haya kumpotezea mtu wa watu muda kwa habari ya kukesha. Simtaji jina fundi huyu kwa sababu si mmoja: nimemtwika peke yake mambo yanayotokea nyumba nyingi zenye mgonjwa wa saratani.

Ugonjwa wake ulianzia kwenye titi ukafika kwenye mifupa ya mgongo. Kila baada ya wiki tatu alikuwa akitundikiwa dripu, kisha anapewa vidonge vya deksamethasoni vya siku chache, vya kuzuia kutapika. Kwenye kibahasha waliandika kwa kalamu: 1 x 2. Kwa mtu yeyote aliyekulia huku kwetu, kutwa mara mbili maana yake ni asubuhi na usiku, baada ya kula. Ndivyo alivyomeza. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa hiyo ni ya jamii ya steroidi, huchangamsha mwili na kuipeleka akili mbio, na nguvu yake hupita siku nzima. Akiimeza saa tatu usiku, saa nane yuko macho anapiga hesabu ya ada za watoto na vitambaa vya wateja alivyoshindwa kuvishona.

Maumivu nayo yalikuwa na zamu yao. Alipewa morfini ya maji, anywe kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia aiongeze mara mbili ili imfikishe asubuhi bila kuamka. Dozi hiyo ya kulalia ndiyo aliyokuwa akiiruka. Wifi yake alikuwa amemwambia kwamba morfini ni dawa ya wanaokata roho, na ukiizoea huiachi tena. Kwa hiyo alikunywa mchana tu, usiku anajikaza, na mgongo unamwamsha saa saba, tena saa tisa.

Asubuhi alikuwa hoi. Akalala mpaka adhuhuri, akaamka akala, akalala tena alasiri. Binti yake alifunga pazia na kuwafukuza watoto uani, na nani angemlaumu kwa kumtunza mama yake? Lakini mwili ulioshiba usingizi mchana hauudai usiku, na kitanda kikawa mahali pa kujigeuzageuza na kuwaza kifo.

Jirani wa ukuta mmoja ndiye aliyekuja na msaada. "Chukua shoga yangu, kimoja tu, utalala kama kichanga." Vilikuwa vidonge vya dayazepamu, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Valium, dawa inayopaswa kutolewa kwa cheti cha daktari. Yeye alivinunua dukani bila cheti. Usiku wa kwanza fundi alilala, akaamka akimwombea jirani dua. Siku chache baadaye kimoja hakikutosha, akameza viwili. Na kwa kuwa mgongo siku hiyo ulikuwa umemzidi, akanywa pia ile morfini maradufu aliyokuwa akiiogopa.

Morfini peke yake, kwa kipimo alichoandikiwa, ingemfaa. Tatizo ni kwamba dawa zote mbili hupunguza kasi ya pumzi, na zikikutana kila moja huizidishia nyingine nguvu. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo la ngazi ya juu kabisa liwekwe kwenye dawa za jamii hizo mbili kwa sababu ya mchanganyiko huu. Binti alipoingia na chai alimkuta mama yake anakoroma kwa kukatiza, midomo imegeuka rangi, akiitwa haitiki. Wakampakia kwenye bajaji. Alitiwa oksijeni, akaangaliwa pumzi usiku na mchana, akapona.

Nesi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, alimwambia binti amwage kitandani mfuko mzima wa dawa. Akavitenganisha vidonge kimoja kimoja, akiuliza hiki unameza saa ngapi, hiki nani alikupa. Alipofika kwenye vya jirani akanyamaza kidogo. "Mama, mbona ulituficha kwamba hulali?" Fundi akajibu, "Si hamkuniuliza."

Mimi hapo nasimama na fundi. Watafiti wa Kanada, Josée Savard na Charles Morin, waliandika mwaka 2001 kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya waliogundulika au kutibiwa saratani karibuni walikuwa na shida ya usingizi, na wakaliita tatizo lililopuuzwa. Jambo linalompata mgonjwa mmoja kati ya watatu lilistahili swali moja pale mezani.

Yaliyobadilishwa hayakugharimu pesa. Deksamethasoni ikawa asubuhi na adhuhuri. Morfini ya kulalia ikarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo, na wifi akaitwa aelezwe yeye mwenyewe. Kulala mchana ni nusu saa, kabla ya saa tisa, pazia likiwa wazi. Usiku akiona usingizi hauji, asigombane na kitanda: ainuke, akae kwenye kiti mpaka macho yawe mazito, ndipo arudi. Kanuni hiyo ilitungwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972, na bado inatumika. Habari ya ada na cherehani, nani atairithi, waliizungumza mama na binti alasiri moja, kukiwa na mwanga.

Usingizi haukurudi wote. Siku mbili baada ya dripu bado anakesha, ila sasa anawaambia.

Jirani alipokuja kumjulia hali aliulizia vidonge vilivyobaki. Binti alimrudishia, akamuuliza anavimeza tangu lini. Tangu msiba wa mume wangu, akasema, nikikosa usiku mmoja natetemeka. Binti akamfikishia maneno ya nesi: asiviache ghafla, maana aliyevizoea kwa miaka akivikatisha anaweza kupata degedege, bali aende kliniki apunguziwe kidogo kidogo. Jirani akasema atakwenda, mwisho wa mwezi.