Mgeni wa Dola: Heshima au Mapambo?

Wako watu ambao kila wasikiapo kwamba mkuu wa nchi fulani amealikwa kuzuru nchi nyingine, akapigiwa mizinga na kutandikiwa zulia, husema: haya ni mapambo matupu na israfu ya mali, kwani mambo ya dola huamuliwa kwa maslaha wala hayaamuliwi kwa karamu. Na wako wengine, kinyume cha hao, waonapo wakuu wawili wamekumbatiana, hudhani kwamba urafiki umekwisha fungika na shida zote zimeondoka. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamekwenda kombo, ingawa kila moja limeshika ncha ya kweli. Na ndani ya jambo hili mna swali la tabia lenye kutaka kuangaliwa zaidi kuliko hesabu ya gharama. Je, yafaa kumtukuza hadharani mgeni ambaye moyoni humpendi, au ambaye mwendo wake huuridhii? Na ukifanya hivyo, je, umekuwa mnafiki?

Mifano yetu tutaitwaa katika ziara za Marekani na India, kwa kuwa hizi ni dola mbili kubwa ambazo watu wake huchagua serikali kwa kura, na kwa kuwa mengi yaliyosemwa faraghani katika ziara hizo yamekwisha fichuka.

Kwanza yatupasa kufahamu ziara ya kidola ni kitu gani. Si kila mkuu aendaye Washington huwa mgeni wa dola. Yuko ajaye kwa kazi tu, akaonana na Rais kisha akaenda zake. Yuko ajaye kwa ziara rasmi. Na yuko aalikwaye kwa ziara ya kidola, nayo ndiyo daraja ya juu. Huyo hulakiwa kwa gwaride na nyimbo za mataifa mawili katika uwanja wa White House, hukaribishwa kulala Blair House, nyumba ya wageni iliyokabiliana nayo, na usiku huandaliwa karamu. Mkuu wa dola hupigiwa mizinga 21, na mkuu wa serikali 19. Mtu aweza kucheka kwamba watu wazima wenye akili zao hukaa kuhesabu mizinga. Lakini hata katika arusi zetu mtu hutazama ameketishwa wapi na nani kaketishwa mbele yake. Heshima isiyokuwa na kipimo haisemi kitu.

Mwezi wa Desemba 1959 Eisenhower alikwenda India, naye ndiye Rais wa kwanza wa Marekani kuikanyaga nchi ile akiwa madarakani. Barabara za Delhi zilijaa watu hata msafara wake ukakwama, na maua aliyotupiwa yakajaa garini. Na siku hizo dola mbili hizi hazikuwa zikipatana sana. India ilikataa kuingia upande wowote katika ugomvi wa Marekani na Urusi, nayo Marekani ilikuwa imeagana na Pakistan mwaka 1954 kuipa silaha. Maua yale hayakuibadili siasa hiyo. Lakini Mei 1960 Marekani ilitia saini mapatano ya kuiuzia India nafaka tani milioni 17 kwa muda wa miaka minne, kwa masharti mepesi. Hatusemi kwamba nafaka ililetwa na maua. Twasema tu kwamba umma ulioonana na mgeni wake uso kwa uso haukuwa tena jina tu katika karatasi za makarani. Na ziara nyingine zilipooza kabisa: Nehru alikwenda kwa Kennedy Novemba 1961, wala mazungumzo hayakunoga, mwezi uliofuata India ikaitwaa Goa mikononi mwa Wareno, na mjumbe wa Marekani akailaumu mbele ya Baraza la Usalama.

Sasa tuje kwenye ziara iliyo ngumu. Novemba 1971 Bibi Indira Gandhi alifika Washington. Nchini mwake kulikuwa na wakimbizi wapatao milioni kumi waliotoka Pakistan ya Mashariki, wakikimbia kuuawa na majeshi ya serikali yao. Rais Nixon alimlaki uwanjani kwa taratibu zote na maneno mazuri. Faraghani, yeye na mshauri wake Kissinger walimtaja mgeni huyo kwa matusi ambayo hatuyaandiki katika ukurasa huu. Maneno hayo yalikuwa yakinaswa katika kanda za Nixon mwenyewe, na mwaka 2005 yalitangazwa hadharani. Vita vikaanza Desemba 3, na Desemba 16 majeshi ya Pakistan yakasalimu amri Dhaka. Katikati ya siku hizo Marekani ilituma manowari yake kubwa, Enterprise, katika Ghuba ya Bengal ili kuitisha India.

Huenda msomaji akasema: basi si huo ndio unafiki wenyewe? Jawabu yake yataka utaratibu. Wanavyuoni wetu wametenganisha baina ya mudarati na mudahana. Mudarati ni kumkabili mtu kwa upole na uso mkunjufu, ukatoa katika haki yako ya dunia ili amani ipatikane. Nayo ni jambo jema. Mudahana ni kutoa katika ile kweli yenyewe, ukaisifu batili au ukaikubali kwa kunyamaza, ili upate kitu. Ukipima kwa mizani hiyo utaona kwamba kosa la Nixon halikuwa katika mizinga wala karamu. Gwaride lile alipigiwa Bibi Gandhi kwa kuwa yeye ni waziri mkuu wa mamilioni ya watu, na watu hao walistahili. Kosa lilikuwa kwamba habari ya wakimbizi aliyokuja nayo mgeni haikusikizwa, kwa kuwa Pakistan ndiyo iliyokuwa ikiwafungulia Wamarekani njia ya kwenda China. Uso mkunjufu ulitumiwa kuwa pazia.

Mwenendo wa Carter waonyesha upande wa pili. Alifika Delhi Januari 1978, India ikiwa imetoka karibuni katika ile miaka ya amri ya hatari ya 1975 hata 1977, na watu wameitoa serikali kwa kura. Akawasifu kwa hilo, na sifa hiyo ilikuwa kweli. Lakini katika jambo la nguvu za atomiki hawakuwafikiana, naye akamnong'onezea waziri wake kwamba wakirudi wampelekee Waziri Mkuu Desai barua kavu isiyo na mzunguko. Kumbe kipaza sauti kilikuwa wazi, na dunia nzima ikasikia! Aibu ilikuwapo, lakini uhusiano haukuvunjika, na kijiji kimoja karibu na Delhi alichozuru katika safari hiyo kikaitwa Carterpuri kwa jina lake. Tofauti ya kipaza sauti hiki na zile kanda ni kubwa. Huyu alitaka kumwambia mwenziwe, kwa ukali, jambo lile lile lililokuwa likizungumzwa mezani. Yule alimtukana mtu kwa siri.

Wale wasemao kwamba ziara hazina faida twawakumbusha pia jambo dogo ambalo wenye kazi za ofisi walijua: mgeni akitajwa siku ya kuja, kazi iliyolala huamka. Bush alipokwenda Delhi Machi 2006, mapatano ya nguvu za atomiki yaliyoanzwa Julai 2005 yalikuwa bado yana mafundo, na wajumbe wakayafungua katika saa za mwisho kwa sababu wakuu wasingeweza kutoka mbele ya watu mikono mitupu. Yalitiwa saini kamili Oktoba 2008. Na kutokwenda nako ni usemi. Baada ya Carter, hakuna Rais wa Marekani aliyekwenda India hata Clinton mwaka 2000, miaka 22. Clinton akakaa India siku tano na Pakistan saa chache tu, na kila mtu katika nchi mbili hizo alielewa maana yake bila ya kufasiriwa.

Lakini asidanganyike mtu akadhani kwamba karamu ni rehani. Septemba 2019 Trump alisimama pamoja na Waziri Mkuu Modi mbele ya watu wapatao 50,000 mjini Houston. Februari 2020 akapokewa Ahmedabad katika uwanja wa kriketi uliojaa watu zaidi ya 100,000. Agosti 2025 Trump huyo huyo akatoza bidhaa za India ushuru wa asilimia 50, nusu yake kwa sababu India yanunua mafuta ya Urusi. Sisi Wakenya nasi tuliona Mei 2024 Rais wetu akipewa ziara ya kidola Washington, ya kwanza kwa mkuu wa Afrika tangu 2008, na mwezi uliofuata vijana wakajaa katika barabara za miji yetu kwa ajili ya kodi. Mgeni hurudi kwao akayakuta ya kwao.

Limebaki lile lenye uchungu zaidi, nalo latugusa sisi kwa udugu. Mwaka 2002 katika jimbo la Gujarat waliuawa watu zaidi ya elfu moja, wengi wao Waislamu, na mkuu wa serikali ya jimbo alikuwa Bwana Modi. Mwaka 2005 Marekani ilimnyima ruhusa ya kuingia nchini, kwa sheria yake ihusuyo uhuru wa dini. Insafu yatulazimisha kusema kwamba wachunguzi waliowekwa na Mahakama Kuu ya India hawakuona ushahidi wa kumshitaki, na mahakama hiyo ililithibitisha neno hilo Juni 2022. Alipokuwa waziri mkuu mwaka 2014 mlango ulifunguliwa, na Juni 2023 Rais Biden akampa ziara ya kidola, kwa gwaride na karamu na kulihutubia Bunge. Katika mazungumzo yao mlikuwa na mashine za ndege za kivita na ndege zisizo na rubani, na juu ya yote hofu ya China.

Je, ilifaa kumheshimu? Sisi twasema ndiyo, cheo kile kilistahili, kwani ni cheo cha watu wote wa India, na miongoni mwao mna Waislamu wapatao milioni 200. Kumfungia mlango ni kuwafungia na hao pia. Wabunge wachache waliokataa kuisikiliza hotuba yake nao walikuwa na haki yao. Mbunge si mwenyeji wa karamu. Lililo baya ni kule kudhani kwamba heshima ya mgeni inamfunga mwenyeji ulimi. Biden alipoulizwa, alisema kwamba yeye na mgeni wake walikuwa wamezungumza habari za demokrasia. Lakini mbele ya watu swali lenyewe, kwamba serikali ya India inafanya nini kulinda haki za Waislamu na wengine walio wachache, liliulizwa na bibi mmoja mwandishi wa gazeti, katika siku ambayo waandishi wa kila upande walipewa nafasi ya swali moja tu. Bwana Modi akajibu kwamba katika demokrasia ya India hakuna ubaguzi. Usiku ule karamu ikaliwa. Siku zilizofuata bibi yule akamiminiwa matusi na watu wa India waliochukizwa na swali lake, na White House ikatoka kuyalaani matusi hayo, mgeni akiwa amekwisha ondoka.