Haki ya Kujificha

Waumini wengi wanaosali katika misikiti ya Kariakoo wameisikia hadithi ya mwanamke na paka. Imepokewa na Abdullah bin Umar na imo katika Bukhari na Muslim: mwanamke alimfungia paka hadi akafa, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini, akaadhibiwa kwa hilo. Wanazuoni wamefahamu kutokana nayo kwamba kufuga kunajuzu endapo haki ya mnyama inatimizwa. Je, haki hiyo inaishia kwenye chakula?

Tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, analifanya swali hili kuwa zito. Pterinochilus murinus, ambaye Reginald Pocock alimwelezea kisayansi mwaka 1897, kwao ni huku kwetu, na wafugaji wa Ulaya na Marekani huwaita wale wa rangi ya chungwa kwa jina la Usambara. Mtu humnunua ili amtazame. Humweka katika boksi la kioo lenye udongo kiduchu, kisha hushangaa buibui anapoinua miguu ya mbele na kuonyesha meno, au anapojizungushia utando na kupotea siku nyingi.

Huo si ukorofi. Tarantula wengi wa bara la Amerika wana vinyweleo vya kuwasha wanavyompukutishia adui. Wa Afrika hawana. Kinga yao ni shimo, na wakilikosa hubaki na meno, ambayo huleta maumivu makali na mikazo ya misuli. Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania ana miguu minene ya nyuma na huchimba kwenda chini sana. Humo hupata giza, unyevu na ubaridi. Soko kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, nalo lina sehemu ya chini ya ardhi. Aliyewahi kushuka huko akitoka kwenye jua la Mtaa wa Msimbazi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwenye ulaji, huruma isiyo na elimu hudhuru. Tarantula aliyeshiba anaweza kukaa miezi bila kula, na akikaribia kujivua gamba hukataa chakula kabisa. Anapojivua hulala chali, mwili laini, meno bado hayajakomaa. Nyenje aliyeachwa ndani kwa nia njema anaweza kumtafuna akiwa hai. Na nyenje pia ni kiumbe: kumtupia buibui aliyeshiba ili watu waburudike ni kuutesa uhai bila haja, hasa kwa kuwa tarantula wengi hukubali hata mdudu aliyekwisha kufa.

Wapo wanaoitaja Sura ya 29, Al-Ankabut, aya ya 41, inayosema juu ya udhaifu wa nyumba ya buibui. Aya hiyo inawapigia mfano wanaotegemea walinzi wasiokuwa Mwenyezi Mungu. Haimpi mtu ruhusa ya kuibomoa nyumba hiyo.

Kwa hiyo anayemnyima tarantula shimo amemdhulumu, hata akimlisha kila siku. Mwenye naye nyumbani amwongezee udongo wa kutosha kuchimba, amwekee kichombo cha maji, amtoe nyenje asiyeliwa kabla ya usiku kuingia, na asimfukue ili wageni wamwone.