Anayengoja Ana Deni kwa Aliyetangulia



Wahenga wametuachia methali mbili zinazogombana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Wanaotunza kompyuta huukuta ugomvi huo kila siku. Toleo jipya la programu limetoka: tuliweke leo, au tubaki na la zamani tulilolizoea? Wengi huliona hili kuwa jambo la mafundi tu. Mimi naona ni suala la amana, kwa sababu anayeamua mara nyingi siye atakayeumia.

Tuutazame mfumo wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ambao leo unaendesha seva nyingi duniani. Debian ina ngazi tatu. Programu mpya huingia kwanza katika ngazi isiyo imara, inayotumiwa na watu waliokubali kusumbuka. Kwa kawaida hukaa huko siku 2, 5 au 10, kutegemea udharura wake. Isipoonekana na kasoro kubwa, hupanda ngazi ya majaribio. Kila baada ya miaka 2 hivi, programu zilizofika hapo hufungwa pamoja na kuwa toleo imara, linalowekwa kwenye mashine zinazotegemewa na watu wengi.

Mwaka 2024 utaratibu huo ulipata mtihani. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka 2 kusaidia kazi ya programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, mpaka akaaminiwa kutoa matoleo yake. Mtunzaji wa awali alikuwa akijitolea bila malipo, huku akisongwa na watu waliolalamika kwamba marekebisho yanachelewa. Pupa ya kutaka vipya ikawa mlango. Ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ikafichwa njia ya siri ya kuingilia seva za watu. Tarehe 29 Machi mhandisi Andres Freund aliifichua. Alikuwa ameona kwamba kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia mpaka akafika kwenye chanzo. Toleo imara la Debian lilikuwa halijaguswa.

Mtu atasema, basi, aliyengoja ameshinda. Tusiharakishe hukumu. Freund aliziona dalili hizo katika ngazi isiyo imara. Lau watu wote wangengoja, sumu ile nayo ingengoja, kisha ingeingia kwa wote kwa pamoja. Muda peke yake hausafishi kitu. Kinachosafisha ni macho ya waliotangulia kutumia. Katika fiqhi tunasoma faradhi ya kifaya: baadhi wakiitekeleza, wengine huondokewa na lawama, wote wakiiacha, wote hulaumiwa. Sitoi hukumu ya kisharia hapa, natoa mfano tu. Usalama wa anayengoja umelipiwa na usumbufu wa mwingine.

Kungoja nako kuna mpaka. Mwezi Machi 2017 yalitolewa marekebisho ya kuziba tundu katika programu ya Apache Struts. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayohifadhi kumbukumbu za mikopo ya watu, ilikuwa na mfumo ambao haukurekebishwa. Wezi wakapita hapo hapo, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikawa mikononi mwao. Huwezi kuuita huo uthabiti. Ulikuwa uzembe juu ya mali ya wengine. Watunzaji wa Debian hufanya tofauti: tundu la usalama likigundulika, kwa kawaida huchukua marekebisho hayo peke yake na kuyatia katika toleo lile lile la zamani, bila kuleta mageuzi mengine. Kumbe mtu anaweza kubaki imara na bado akakubali kurekebishwa.

Basi swali la kwanza lisiwe "kipi ni kipya?" bali "nani ataumia ikiharibika?" Kompyuta ni yako na umeshaweka nakala ya kazi zako? Jaribu kipya, na ukiona kasoro, iripoti. Kompyuta ni ya ofisi ya jumuiya, ina majina ya wanachama na hesabu za michango? Weka kilichojaribiwa, na marekebisho ya usalama yawekwe mara yanapotoka. Wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa, na hilo lina uzito zaidi pale madhara yanapomwangukia asiyeulizwa.

Na wewe unayengoja kwa amani, usijione mwerevu kuliko wanaohangaika na vipya. Una deni kwao. Lilipe kwa unachoweza: taarifa ya kasoro, tafsiri ya maelezo, au mchango kidogo kwa mtunzaji anayefanya kazi peke yake usiku. Aliyechoka bila msaidizi ni rahisi kumkabidhi funguo mtu yeyote atakayejitokeza kumpokea mzigo.