RAMADHANI, SIKU YA 25: MTOTO AKIULIZA MBELE YA TWIGA

Bismillahir Rahmanir Rahim


Wazazi wenzangu, tumo katika kumi la mwisho. Nyoyo ziko kwenye Laylatul Qadr, miguu iko sokoni kutafuta nguo za Idi, na watoto nao wana lao: "Idi hii tutaenda wapi?" Wengi wetu hapa Mombasa tushawaahidi Haller Park, pale Bamburi, wakaone wanyama. Basi leo tuizungumze safari hiyo kabla haijafika, maana kumtembeza mtoto nako kuna adabu zake na thawabu zake.

Hebu mfikirie mtoto wa miaka minne mbele ya twiga. Kiganja kimejaa chakula, ulimi unashuka kutoka juu, mweusi, mrefu kama sentimita 45. Anacheka, anaogopa, anarudi nyuma, anasogea tena. Kisha maswali yanaanza. Mbona ulimi mweusi? Analala vipi? Nani kamvuta shingo? Na wewe wakati huo uko kwenye simu, unatafuta picha nzuri ya kuweka status. "Haya twende, twende tukaone mamba!" Swali limekufa pale pale.

*Swali hilo Qur'ani imelitaka*

Katika Suratul Ghashiya, aya ya 17, Allah Subhanahu wa Ta'ala anauliza kwa nini watu hawamtazami ngamia, namna alivyoumbwa. Waarabu walikuwa na ngamia mlangoni kila siku. Walimpanda, walimkamua, walimchinja. Kumwona walimwona, ila kumtazama ndiko kulikokosekana. Mtoto wako bado anatazama. Sisi wakubwa ndio tuliozoea.

Basi mjibu. Mwambie shingo ya twiga, na urefu wake wote ule, ina mifupa saba tu, na shingo yako wewe mwanangu ina saba vile vile. Mwache ajipapase. Kisha mwambie aliyeirefusha ile na kuifupisha hii ni Mmoja. Hiyo ni darsa ya tawhidi, na haikuchukua dakika mbili. Usilolijua sema "sijui, tutauliza." Mtoto akijifunza kwako kusema sijui, umempa elimu kubwa.

*Mtume (s.a.w.) na ndege wa Abu Umayr*

Anas bin Malik (r.a.) alikuwa na mdogo wake aitwaye Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Mtume (s.a.w.) akija nyumbani kwao alikuwa akimuuliza mtoto yule habari za kindege chake, naye akimwita kwa kun-ya, kama anavyoitwa mtu mzima. Kindege kikafa, mtoto akahuzunika, na Mtume akamjali katika huzuni yake. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim.

Tafakari, ndugu yangu. Mtu aliyekuwa akiteremshiwa wahyi, akiongoza umma, akipokea wajumbe, alipata nafasi ya kuuliza habari za kindege cha mtoto. Wewe na mimi tunashughulika na nini hata tukose nafasi? Mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, Ibnul Qass, alitoa faida 60 katika hadithi hii moja. Sisi leo tuchukue moja tu: jambo dogo kwa mtoto si dogo.

*"Baba, kwani amefanya kosa gani akafungwa?"*

Swali hili litakuja, jiandae. Mtoto akimwona mnyama nyuma ya ua atauliza, na anauliza kwa haki. Usimcheke.

Mjibu kwa hadithi mbili. Ya kwanza ni hiyo ya Abu Umayr: wanavyuoni wameifahamu kuwa inafaa kumweka ndege, maadamu analishwa wala hateswi. Ya pili ni ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Kwa hiyo kumweka mnyama ni amana. Ukimzuia asijitafutie, riziki yake imekuwa juu yako, na utaulizwa. Katika Suratul An'am, aya ya 38, Allah ametufahamisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu sisi. Sasa yule kijana anayemtupia mamba jiwe ili aamke apigwe picha, mtoto wako asimwone baba yake akicheka naye.

Na hapo hapo Haller Park pana kisa cha kumsimulia. Mwishoni mwa 2004, baada ya tsunami, mtoto wa kiboko aliokolewa baharini kule Malindi, peke yake, hana mama. Akaletwa Bamburi, akapewa jina Owen. Alipofika akamwendea kobe mzee wa miaka kama 130, akaitwaye Mzee, akajibanza kwake. Wakawa wanalala pamoja na kula pamoja. Kobe si kiboko, lakini yatima alipata pa kuegemea. Ukimaliza kusimulia, jiulize: mtaani kwangu kuna yatima gani ambaye Idi hii hana wa kumtoa? Nafasi ya mtoto mmoja kwenye matatu na kiingilio chake, pengine ndiyo amali itakayokufaa kuliko zote za siku hiyo.

*Tusingoje Idi*

Mazungumzo haya ni ya leo pia. Tumefunga, koo kavu, usingizi wa qiyamu machoni, na mtoto anauliza swali la kumi. "Nyamaza, nimefunga!" Mara ngapi neno hilo limesikika majumbani mwezi huu? Mtoto akilisikia siku thelathini, atakua akiijua Ramadhani kuwa ni mwezi wa kukaripiwa. Swaumu imekuja kutulainisha. Al-Aqra' bin Habis alipotaja kwamba ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja, Mtume (s.a.w.) alimjulisha kuwa asiyehurumia hahurumiwi. Na sisi usiku wa leo tutasimama kuomba rehema.

*Amali ya leo*

1. Maswali matatu ya mwanao, yajibu leo ukiwa umemwangalia usoni, simu ukiiweka chini.
2. Panga safari ya Idi pamoja na swala. Jua mapema Adhuhuri na Alasiri mtaziswali wapi, mtoto aone kuwa furaha haiondoi swala.
3. Kiingilio kikiwa kizito, usijidhili kwa kukopa. Paka wa uani yupo, mbuzi wa jirani yupo, siafu wako ukutani. Wote ni viumbe vya Allah, na mtoto ataviulizia vile vile.

Ya Allah, tujaalie tuwe wazazi wenye huruma, utuhifadhie watoto wetu, uwape macho ya kuziona ishara zako, na utukutanishe nao katika Pepo yako. Amin.

Mfikishie na mzazi mwenzio. Tukutane kwenye Tarawehe, inshaAllah.