Sukari Mezani pa Mkristo



Katika Mithali, sura ya 25, asali yatajwa mara mbili, mstari wa 16 na wa 27. Mwenye hekima haikatazi. Aliyeiona na aile, ila kwa kiasi cha kumtosha, asije akaitapika. Zamani zile asali ilikuwa haba, mtu akiipata mwambani au mtini. Sisi twanunua sukari dukani kila siku, hata vijijini juu ya Mlalo na Bumbuli. Kwa hiyo neno hili latuhusu sisi kuliko wao.

Wazee wa Usambaa waliujua utamu. Walitafuna miwa, wakanywa dengelua karamuni. Lakini muwa huliwa kwa taabu, na meno yenyewe humwambia mtu akome. Sukari ya dukani haina wa kumwambia.

Kisukari ni ugonjwa gani? Nyuma ya tumbo kiko kiungo kiitwacho kongosho, nacho hutoa insulini, ambayo hufungua mlango ili sukari iliyo damuni iingie mwilini ikawe nguvu. Insulini ikikosekana, au mwili usipoitii, sukari hubaki katika damu. Mgonjwa huona kiu, hukojoa mara nyingi, hukonda. Macho huingia kiza, na kidonda cha mguu hakiponi. Wengine hukaa miaka mingi wasione dalili yo yote. Uchunguzi wa vijiji kadha vya Tanzania uliotangazwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki 1 katika watu wazima 100. Mwaka 2012, nchi ilipopimwa, wenye sukari nyingi damuni walikuwa kama 9 katika 100, kwa watu wa miaka 25 hata 64.

Wala tusiseme kwamba sukari peke yake ndiyo sababu. Uko unene, uko ukoo, na uko uvivu wa miguu: zamani mtu aliteremka kutoka Mlalo hata Lushoto kwa miguu, leo hupanda pikipiki. Ugali wa sembe nao hugeuka sukari tumboni. Lakini sukari ya chai na soda hunenepesha upesi. Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka 2015 kwamba isizidi sehemu 1 katika 10 ya nguvu za chakula cha siku. Na nusu yake ni bora zaidi, yaani gramu 25 hivi, kama vijiko vidogo 6. Asali imo katika hesabu hiyo. Basi anywaye vikombe 3 vya chai, kila kimoja vijiko 3, amekwisha kupita kabla hajaonja soda.

Nami nataka kusema hasa juu ya chai ya baada ya ibada. Kwetu mgeni huletewa chai iliyokwisha kutiwa sukari, na kumtilia kidogo huhesabiwa uchoyo. Mzee mwenye kisukari huinywa yote, asije akamwaibisha mwenye nyumba. Mtume Paulo alikuwa tayari kuacha nyama milele kwa ajili ya ndugu yake (1 Wakorintho 8). Je, sisi twashindwa kuweka bakuli la sukari mezani, kila mtu ajitilie mwenyewe? Jambo dogo mno! Wala asiyetia asiulizwe kwa nini.

Ninyi walimu wa dini, msiwaache watu waseme kwamba mgonjwa amelogwa au ametenda dhambi. Wanafunzi waliuliza hivyo juu ya kipofu, naye Bwana akakataa (Yohana 9). Wala mtu asiambiwe kuacha dawa kwa kuwa ameombewa. Hezekia aliomba kwa machozi, akasikiwa, na Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Afadhali mwambieni aende hospitali, damu yake ipimwe kwa tone moja la kidole.

Wakati wa Kwaresima mwangalieni zaidi. Atumiaye insulini, au vidonge vingine vya kisukari, asifunge pasipo kumwuliza mganga wake, maana sukari yake yaweza kushuka mno. Atatetemeka, atatoka jasho, atasema ovyo kama mlevi. Hapo sukari ile ile ndiyo dawa: mpeni maji ya sukari upesi, maadamu aweza kumeza, kisha mpelekeni hospitali.