MBEGU YA MASKINI HAILIWI



Hapa Katoto tunaulizana swali moja. Mjane anabisha mlangoni, ana njaa. Katika kasha la maskini kuna feza kidogo tu, ya kununua mbegu ya mahindi kwa shamba la maskini. Tufanye nini? Wengine wanasema: toeni yote, Mungu ataongeza kesho. Wengine wanasema: chungeni mbegu, mjane arudi siku nyingine. Tumelifikiri neno hili pamoja.

Wazee kati yetu wanakumbuka. Mwaka 1990, kiisha mauaji ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Ubelgiji ulikata msaada wake kwa Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Kazi inayokula kwa mkono mmoja tu, mkono ule ukiondoka, inalala njaa.

Lakini tusiwaangalie wageni tu. Tarehe 30/11/1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yapewe wenyeji. Wengi waliopewa waliuza vitu vyote, wakala feza, wala hawakununua vingine. Duka likabaki tupu. Walikula mbegu.

Sasa tusome 2 Wafalme 4:1-7. Mjane alimlilia Elisha kwa sababu ya deni. Nabii hakumpa feza. Alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na mafuta kidogo tu. Mungu aliyaongeza, naye akaambiwa auze, alipe deni, na aishi na wanawe kwa yale yaliyobaki. Muujiza wenyewe uliacha kitu cha kesho!

Tena tuwaangalie ndugu zetu Wakimbangu. Simon Kimbangu alikufa gerezani hapa Katanga, mjini Elisabethville, mwaka 1951. Watu wake hawakuwa na misioni ya Ulaya ya kuwalipia. Kwa nsinsani, ni kusema kushindana kwa kutoa, wababa, wamama na vijana walijenga hekalu la Nkamba, lililofunguliwa mwaka 1981. Kila mmoja alitoa cha kwake.

Na hapa ndipo jibu letu. Anayesema «toeni yote ya kasha», mara nyingi anachunga chungu chake mwenyewe. Mbegu ile si mali yetu. Ni ya mjane ambaye hajabisha bado. Lakini mjane wa leo asifukuzwe. Ale bukari ya nyumba zetu, mimi leo, wewe kesho. Kasha lilime, sisi tupike.

Kisha, mavuno yakija, tutenge kwanza mbegu, na yanayobaki yawe chakula cha maskini. Wachungaji wa kasha wasiwe mtu mmoja, na hesabu isomwe mbele ya kanisa kila mwezi. Hata Mtume Paulo hakutaka kubeba sadaka peke yake, watu wasimlaumu (2 Wakorinto 8:18-21).

Wandugu, jioni hii, kabla ya kuuliza kasha lina nini, tufunue vyungu vyetu.

Mungu awabariki. Amina.